Nyumba Hurithiwa Mara Moja

Mama tulimzika Jumanne, na kabla chai ya msibani haijapoa shemeji yangu Graham alishaanza kuniita mwenye nyumba.

"Haya, mwenye nyumba," alisema, sandwichi ya nyama mkononi. "Vyumba vitatu na uwanja, bure. Sisi wengine tunalipa benki mpaka tuingie kaburini."

"Si bure," nikamwambia. "Kodi inalipwa kila wiki."

"Analipa nani? Halmashauri. Halmashauri ni nani? Ni mimi, na kodi yangu ya mapato."

Dada yangu Lorraine, mke wake, alimkanyaga mguu chini ya meza. Graham ameuza magari miaka thelathini na haamini kitu chochote ambacho hakijapitia mkononi mwake. Nyumba ile ni ya halmashauri ya mji, sisi tulikuwa wapangaji tu, na kodi yake nimeilipa mimi miaka kumi na moja, tangu Mama alipoacha kazi ya jikoni shuleni, na ilitoka kwenye mshahara wangu wa kuezeka mapaa. Hakuna aliyenisaidia hata kwa peni moja.

Ila katika jambo moja mimi na Graham tulikubaliana, na mtaa mzima wa Tanner Brow ulikubaliana nasi: nyumba ilikuwa yangu. Kwetu mambo huenda hivyo. Baba akifa, Mama anakwenda ofisi ya nyumba ya halmashauri kubadilisha jina la mpangaji. Mama akifa, mtoto aliyebaki nyumbani anakwenda ofisini kubadilisha jina. Nilizaliwa chumba cha nyuma miaka hamsini na minne iliyopita. Ngazi zangu zinalala uwanjani, vigae vyangu vimepangwa ukutani, gari langu linasimama mlangoni. Bila uwanja ule mimi si fundi, ni mtu tu mwenye nyundo.

Jumatatu nilikwenda ofisini na cheti cha kifo ndani ya bahasha. Afisa wa nyumba wa eneo letu ni Bi Pilling, mwanamke mfupi wa makamo, mtaratibu, ambaye tangu nimjue hajasema uongo hata siku moja. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Pole sana, Bwana Ormerod," alisema. "Mama yako alikuwa mpangaji mzuri."

"Asante. Nimekuja kubadilisha jina."

Akatazama kompyuta yake kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Baba yako alifariki mwaka tisini na nane?"

"Ndiyo. Mama akaja hapa akabadilisha jina. Mimi mwenyewe ndiye niliyemleta, kwa gari."

"Hapo ndipo penye tatizo," akasema. "Hakubadilisha jina. Alirithi upangaji. Na kwa mkataba huu upangaji hurithiwa mara moja tu. Mama yako aliitumia hiyo mara moja."

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

"Alirithi nini, Bi Pilling? Alikuwa mke wake! Amelala nyumba ile tangu siku ya harusi."

"Mkataba ulikuwa na jina la baba yako peke yake. Wangeandikwa wote wawili ingekuwa vilevile. Anayebaki huhesabiwa amerithi."

"Na kodi? Kodi nimelipa mimi. Akaunti yangu, jina langu. Angalia hapo."

"Naona, na tunashukuru. Lakini kulipa kodi hakumfanyi mtu kuwa mpangaji, Bwana Ormerod. Ulikuwa unamlipia mama yako."

Nyuma yangu mtoto wa mtu alikuwa akipiga kiti kwa kiatu, ta, ta, ta.

Bi Pilling alinieleza lililobaki polepole, kama mtu anayemshusha mwenzake ngazi. Haki sina. Lakini kwa hiari yao wanaweza kunipa flati ya chumba kimoja katika jengo la Alder, karibu na kituo cha mabasi. Nina siku kumi za kujibu. Nikikataa, notisi itakuja, kisha mahakama, na mahakamani sitakuwa na la kusema.

"Na ngazi zangu?" nikauliza.

"Ngazi gani?"

"Mimi ni fundi wa mapaa."

Aliandika kitu kwenye karatasi. Nadhani aliandika "ngazi".

Mtaani niliambiwa kila aina ya ujinga. Glenys wa mlango wa pili alisema nisifungue barua, kwa sababu barua isiyofunguliwa haina nguvu. Mzee Wilf alisema mtu akikaa miaka kumi na miwili nyumba inakuwa yake, Mfalme mwenyewe hawezi kumtoa. Kule baa walisema halmashauri inataka kuwapa wageni nyumba zetu. Nilisikia maneno yale yote na nikatambua kwamba mengi niliwahi kuyasema mimi, kwa sauti hiyohiyo, nikiwa na glasi mkononi.

Katika mji wetu kulikuwa na mtu mmoja tu aliyezijua sheria zile kwa kuumia nazo. Colin Sugden. Ilinichukua siku saba kati ya zile kumi kupata moyo wa kwenda kwake.

Colin alikuwa akikaa nyumba ya nne kutoka kwetu, na mama yake, na mbwa mzee wa mbio aliyeitwa Duchess. Mama yake alikufa miaka sita iliyopita. Colin akabaki peke yake ndani ya vyumba vitatu, na baada ya muda wakamhamishia Alder, ghorofa ya nne. Mbwa hawaruhusiwi Alder. Tangu hapo tukikutana dukani aliniamkia kwa kichwa, na mimi nilimwamkia kwa kichwa, na kila mmoja akaendelea kutafuta mkate wake.

Alinifungulia mlango akiwa na soksi tu miguuni.

"Nev," alisema. "Nimesikia habari za mama yako. Pole. Ingia, futa viatu."

Chumba kilikuwa safi, kidogo, na ukutani kulikuwa na picha ya yule mbwa. Nilimweleza shida yangu yote. Alisikiliza akikoroga chai, kisha akauliza maswali mawili tu: jina la nani lilikuwa kwenye mkataba wa kwanza, na baba alikufa mwaka gani.

"Basi chukua flati," akasema.

"Nataka kupigana nao."

"Kwa silaha gani? Umeshindwa tangu tisini na nane, ndugu yangu, hukuwa unajua tu. Ukikataa ofa hii hutapata nyingine. Utalala kwenye gari lako na ngazi juu."

"Lakini wewe walikutoa vipi? Mama yako ndiye aliyekuwa mpangaji wa kwanza. Wewe ulikuwa na haki."

"Nilikuwa nayo." Akaweka kijiko chini. "Nilirithi sawasawa, kwa barua na muhuri. Ila mtoto akirithi nyumba kubwa kuliko mahitaji yake, wanaweza kumhamisha. Lakini wamewekewa muda. Waanze baada ya miezi sita tangu kifo, na kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukipita hawajafanya kitu, hawakugusi tena. Ofisi ilikuwa imenisahau, Nev. Faili lilikuwa chini ya mafaili mengine. Nilikuwa nahesabu siku kwenye kalenda ya mama. Mwezi wa kumi na moja tangu mama afariki, mtu akawapigia simu."

Chai yangu ilikuwa moto lakini niliinywa.

"Wiki tano zilikuwa zimebaki," akasema Colin.

Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza mara nyingi maishani na mambo yakapita. Lakini picha ya yule mbwa ilikuwa mbele yangu.

"Ni mimi niliyepiga," nikasema.

"Najua."

"Unajua?"

"Bi Pilling alinisomea yaliyosemwa. Hakutaja jina. 'Vyumba vitatu kwa mtu mmoja na mbwa, na familia zinalala hosteli ya wasio na makao.' Nani mwingine Tanner Brow angehesabu mpaka mbwa?"

"Nilidhani unakaa kinyume cha sheria. Nilidhani unawanyima watoto wa watu nyumba."

"Ungekuja kuniuliza. Ni milango minne tu."

Nikamwambia samahani. Akasema, "Haya," kama mtu anayepokea barua ya mtu mwingine. Kisha akatoa karatasi na kuniandikia mambo ya kumwomba Bi Pilling kabla sijatia saini: matengenezo ya dirisha, ghala la chini la baiskeli, tarehe ya kuanza kodi ili nisilipie nyumba mbili kwa wakati mmoja. Mwandiko mzuri sana. Alinipa karatasi ile bila kunitazama.

Nilitia saini siku ya tisa.

Siku ya kuhama Graham alikuja na gari la kazini kwake, kwa sababu Lorraine alimlazimisha. Tulikuwa tumebeba kochi la Mama mpaka getini tulipomkuta msichana amesimama na watoto watatu na mifuko meusi ya plastiki. Kayleigh Entwistle, aliyekulia mtaa wa nyuma. Baba yake nilisoma naye, kwa ile miaka michache niliyosoma. Kule baa walikuwa wameapa kwamba watakuja wageni wa mbali.

"Samahani, mjomba," alisema. "Wameniambia funguo saa sita. Nimewahi."

"Subiri kidogo, binti."

Graham akanikaribia na upande wake wa kochi. "Unaona? Ishirini na ngapi huyu? Anaingia nyumba ya bure mpaka afe."

"Unafanya kazi wapi, Kayleigh?" nikauliza kwa sauti.

"Nasafisha hospitali. Zamu ya alfajiri."

"Na kodi?"

"Nalipa mwenyewe sehemu yake kubwa." Akanitazama kama mtu anayeshukiwa. "Kwani vipi?"

"Hakuna. Graham, inua upande wako."

Nilimpa funguo, nikamwonyesha bomba linalohitaji kupigwa ngumi na ngazi ya tatu inayolia. Watoto walishapanda juu. Nilisikia wakigombea chumba cha nyuma. Kayleigh akabaki mlangoni, akapapasa fremu.

"Mjomba, usikasirike nikiuliza. Ulifanya nini mpaka wakakutoa?"

"Sikufanya kitu. Mama amekufa."

"Hawatoi mtu kwa hilo. Watu hupokezana nyumba hizi. Nami yangu itakuwa ya hawa." Akaelekeza kidole juu, kwenye vishindo vya watoto.

Nilitaka kumwacha na furaha yake. Alikuwa amelala hosteli miezi kumi na minne.

"Soma mkataba wako leo," nikamwambia. "Usiusome siku ya msiba. Na usinisikilize mimi, wala Glenys, wala mtu wa baa. Nenda kwa Bi Pilling ukamuulize uso kwa uso."

Uso wake ulibadilika, na sikupenda kuona hivyo. Akasema asante.

Ngazi zangu ziko gereji kwa Graham. Kila Jumamosi ananikumbusha kwamba pale ni mahali pake na pana thamani yake, na kwamba mtu mwingine angetoza kodi. Ghala la baiskeli la Alder ni fupi mno kwa ngazi. Nililiomba, nikapewa, na ndani nimeweka nyundo na koleo. Kazi zimepungua.

Mimi niko ghorofa ya tatu, Colin yuko juu yangu hasa. Nasikia soksi zake. Wiki ya kwanza tulikutana kwenye lifti, yeye na maziwa, mimi na sanduku la mwisho la vyombo vya Mama. Mlango ulijifunga.

"Chumba kimoja," alisema Colin, akitazama namba zikiwaka. "Mtu mmoja. Hesabu imekubali?"

"Imekubali," nikasema.

Lifti ilisimama kwangu. Aliuzuia mlango kwa mguu mpaka nikatoa sanduku, kisha akaondoa mguu.