Visahani vya Chuma Kwenye Friji Yangu

Nawaandikia kina mama wenzangu ambao watoto wamesoma wakawapita. Mimi niliishia shule ya msingi, na kazi yangu ni kupika kwenye jiko la shule. Mkiona nimekosea kuandika, msihangaike. Kosa nililokuja kulisema ni kubwa kuliko hayo.

Binti yangu wa kwanza tunamwita Daktari tangu ana miaka sita, kwa sababu alikuwa akichoma wanasesere sindano. Sasa yuko chuo kikuu, anasomea huo udaktari wa vitabu, si wa hospitali. Siku moja, akiwa anakata vitunguu, nilimwomba anieleze anachofanya huko maabara, maana majirani waliniuliza nikabaki nakohoa.

"Mama, mtu akivunjika nyonga anawekewa chuma, si ndiyo? Sasa mwili haukijui kile chuma. Unakaa nacho kama mpangaji na mpangaji mwenzake, hawasalimiani. Peptidi ni kipande kifupi sana cha protini, kama mkufu wa pete chache. Upande mmoja unang'ang'ania chuma. Upande wa pili unabaki nje, na seli za mfupa zina vipokezi, tuseme ni vidole, vinavyoutambua na kuushika. Zikishika, mfupa unaota pale pale juu ya chuma."

"Na usipong'ang'ania?"

"Basi ndiyo miaka yangu mitatu imekwenda na maji."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilichoelewa ni kwamba mwanangu anashika vitu visivyoonekana, na mimi hata vinavyoonekana naviogopa. Kila jioni nilimnusa mikono. Nilimlazimisha maziwa, kwa sababu mtu fulani aliniambia maziwa yanafukuza sumu. Mtu huyo simkumbuki, lakini nilimwamini.

Jumamosi moja friji ya maabara ikafa. Daktari akaja nyumbani na boksi jeupe, ndani yake trei mbili zenye visahani ishirini na vinne vya chuma, kila kimoja kama kifungo cha shati. Akaviweka kwenye friji yetu kati ya maziwa na nyanya.

"Mama, usiguse. Kumi na viwili vimepakwa peptidi, kumi na viwili havijapakwa, ili nilinganishe. Jumatatu naviwekea seli. Hiyo peptidi ilichukua miezi minne kufika, na iliyobaki ni tone tu. Na Profesa anayenisimamia asijue vimelala huku."

"Vina sumu?"

"Havina."

"Sasa nisiguse kwa nini?"

"Mama!"

"Haya, nimesikia."

Jumapili asubuhi alitoka. Nikafungua friji kuangalia kama lile boksi halivujii kwenye maziwa. Ndivyo ilivyoanza, nilikuwa nalinda maziwa. Boksi halikuvuja. Nikafungua kifuniko ili niwe na uhakika zaidi. Visahani vya trei moja vilikuwa na ukungu kidogo, kama glasi iliyosuuzwa kwa haraka. Nikaweka dole gumba juu ya kimoja. Kidogo tu. Dole likaacha alama.

Nikaifuta alama kwa pindo la aproni. Sasa kile kisahani kikang'aa, na wenzake kumi na mmoja hawang'ai. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nimesugua sufuria za watoto mia sita kwa miaka kumi na tisa, nikaona kimoja kinang'aa peke yake nikasema atajua tu, huyu mtoto ana macho. Nikafuta cha pili ili cha kwanza kipate mwenzake. Nikafuta cha tatu. Kufika cha saba nilikuwa nimeshaleta sponji na sabuni ya vyombo. Trei ya pili haikuwa na ukungu wowote, lakini nayo nikaiosha, isije ikaonekana tofauti. Nikavikausha, nikavirudisha kila kimoja kwenye shimo lake. Ukweli wa Mungu, niliipenda kazi yangu.

Jumatatu Daktari alibeba boksi mbio, na kwa haraka hakuona kwamba ukungu haupo. Jumatano jioni alirudi akakaa mezani bila kuvua viatu.

"Vyote sawa," akasema.

"Vyote vizuri?" Nikafurahi, jamani.

"Vyote sawa, Mama. Vilivyopakwa na visivyopakwa, hakuna tofauti. Seli zimepita kama hazikuona kitu. Peptidi yangu haishiki chuma."

Nilijua dakika ile ile. Ule ukungu ulikuwa kazi yake ya miaka mitatu, na mimi niliumwaga kwenye sinki. Nilichotakiwa kusema kilikuwa neno moja. Nilichosema ni, "Pole mwanangu. Kunywa maziwa."

Siku tisa nilinyamaza, na kila siku nilikuwa na sababu mpya. Siku ya kwanza, huenda si sabuni. Siku ya tatu nikajifanya profesa, nikajiambia kama kitu kinatoka kwa aproni, kwenye nyonga ya mtu kitakaaje? Siku ya tano nikakumbuka kwamba nikisema, Profesa atajua visahani vililala kwetu, kwa hiyo kumbe ninamlinda mtoto. Mimi sikosi wa kumlinda. Yeye huku anapekua madaftari yake, anahesabu upya, anajitazama mikono. "Mikono yangu ndiyo mibovu," akaniambia. Mikono ile ile niliyokuwa nainusa.

Siku ya tisa, Ijumaa, alitoka chumbani amevaa vizuri, ana bahasha.

"Naacha, Mama. Naomba wanitoe kwenye utafiti. Saa nne nampa Profesa."

Akatoka. Mimi nikaenda kazini, nikasimama na mwiko mbele ya sufuria, nikaona saa ya ukutani inafika tatu na nusu. Nikamkabidhi mwenzangu mwiko, nikakodi pikipiki. Aproni sikukumbuka kuivua.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya mlango wa Profesa, bahasha iko mapajani.

"Mama? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Niliviosha."

"Uliosha nini?"

"Visahani. Vyote."

Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Kwa nini?"

"Kimoja kiling'aa."

"Uliviosha na nini?"

"Kwanza aproni. Halafu sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya vyombo. Ile ya limau."

"Lini?"

"Jumapili ile ile."

Akahesabu kwa vidole. "Siku kumi na mbili, Mama. Na tisa kati ya hizo unaniona najidharau, unanipa maziwa."

Akalia, bila sauti. Afadhali angenipigia kelele, kelele nimezizoea jikoni.

Mlango ukafunguka. Profesa ni mwanamke mfupi, miwani iko kichwani. Nikarudia yote nimesimama wima kama mwanafunzi. Alivumilia mpaka nilipofika kwenye limau, hapo akageukia ukuta mabega yakamtikisika. Aliporudi uso haukuwa na kicheko. Akamwuliza Daktari, "Na vilifikaje kwenye friji ya mama?"

Kumbe nilikwenda kuungama dhambi mbili, na moja haikuwa yangu. Daktari alifungiwa maabara wiki mbili na akaambiwa aandike maelezo. Bahasha Profesa hakuipokea.

"Barua hii inazungumzia jaribio ambalo halikufanyika," akasema. "Lile tone lililobaki linatosha visahani vingapi?"

"Vitatu."

"Basi vitatu vya kupakwa, vitatu bila. Na vilale hapa hapa."

Nyumbani hatukuzungumza mwezi mzima, isipokuwa chumvi, funguo na usiku mwema. Nilistahili. Kina mama, mtoto akikwambia usiguse, usiguse. Na ukishagusa, sema siku hiyo hiyo, hata kama unga bado uko mikononi. Sabuni ilimharibia visahani tu. Kimya changu nusura kimfanye aamini hajui kazi.

Jana alinipigia simu nikiwa kazini.

"Seli zimeshika."

"Kwenye vyote vitatu?"

"Viwili vizuri. Cha tatu hivyo hivyo. Mama, naomba usiniulize vyote."

"Naweza kuja kuona?"

Nikasikia anamwuliza mtu pembeni, na huyo mtu anajibu kwa mbali.

"Profesa anasema karibu. Ila mikono iwe mfukoni."

Gauni langu zuri halina mifuko. Nimelipeleka kwa fundi leo asubuhi, aweke miwili, mirefu.