Furushi la Zambarau

...na mkono wenyewe umelowa jasho chapachapa, jamani, na hauachii, meneja ameukamata wa kwake akautikisa, akaona haitoshi, akaongeza na wa pili juu yake, hongera, hongera sana dada, nafasi ni yako, msimamizi wa chumba cha ushonaji kuanzia Jumatatu, na yeye anachekacheka mpaka mashavu yanamuuma, macho yamemganda kwenye chembe ya biskuti iliyonasa pembeni mwa mdomo wa mwanamume huyu, inapanda na kushuka kila anapotamka hongera, ifute basi baba, ifute, kinyaa gani hiki, na mama wa utumishi pale mezani anafunika kalamu yake taratibu, ameshaandika ya kumtosha, niachie mkono wangu niondoke, ndilo wazo pekee alilonalo, niachie, kule getini dada ananisubiri... dada wa hiari, si wa tumbo moja, jirani wa cherehani yake tangu alipoingia kiwandani hajui hata kupiga pindo la shati la shule, na viatu hivi vinavyombana vidole ni vya dada, na blauzi hii dada ndiye aliyeipiga pasi asubuhi, akaigeuza, akairudia, maana mikunjo siku hizi haioni, anaipapasa tu kwa kidole, haya, geuka nikuone, akasema, halafu akacheka mwenyewe, nikuone kwa macho gani... na mazoezi yote ya usaili huu walifanyia jikoni kwa dada, dada ndiye meneja, amekalia ndoo iliyofunikwa, kijiko mkononi eti kalamu, sauti ameikaza, tueleze ugumu uliowahi kuutatua kazini, na yeye anajiumauma, anatafuta maneno makubwa, mpaka dada akamrushia kijiko. "Usinitungie hadithi, mdogo wangu. Toa mfano wa kweli. Uongo watu wanaunusa." Mfano wa kweli, haya, ameutoa, na meneja anasema ndio uliowakosha, wengine wote walioingia humu walikuwa wanapiga porojo tu, lakini wewe, aah, wewe ulituambia jambo, chembe juu, chembe chini, na kwani alisema nini hasa, alisema kuna fundi mmoja macho yamemchoka, mishono inamwendea upogo, basi yeye wakati wa chakula huifumua na kuishona upya kabla mkaguzi hajapita, alitaka waione bidii yake, waione roho yake nzuri, mh, roho nzuri, na jina hakulitaja, hakulitaja katu, anajitetea kimoyomoyo, aliuma ulimi kabisa kwenye jina... ila kila fundi hufunga furushi lake kwa utepe wa rangi yake, ndivyo mkaguzi anavyojua kazi hii ni ya nani, na wao kwa wao wameshazoea, nisogezee la njano, la bluu limechelewa, na mdomo wake kwa mazoea yale yale ukasema, basi nafumua furushi la zambarau, nashona upya, ukasema wala haukujikwaa, na kiwanda kizima zambarau ni mmoja, na kalamu ya mama wa utumishi ikasimama, kisha ikaandika... aliiona ikiandika, hapo ndipo penyewe, aliiona, na angeweza kusema samahani nimekosea rangi, maneno mepesi tu, lakini meneja alikuwa ameshainama mbele, anaitikia kwa kichwa, na yeye akasikia raha, ndiyo, raha, tamu kabisa ikimshuka kifuani, wamenipenda hawa, akaendelea, akachomekea na kisa cha shati la fundi huyo lililotoka mkono mmoja nje ndani, wakacheka, akacheka nao, alikuwa wa kwanza kucheka, sasa mchafu wa mdomo hapa ni nani, huyu wa biskuti au...

"Basi Jumatatu utaanza na huyo wa zambarau," meneja anasema, sauti ameishusha, anaona anamfanyia hisani. "Mwambie wewe mwenyewe apumzike. Kiwanda hakiwezi kuweka mtu asiyeona mshono. Kutoka kwako atalipokea vizuri." Na kuna sauti inajibu sawa bosi, nyembamba, ya adabu, imetokea kinywani mwake, analisikia lile sawa likibaki kwenye ulimi na ladha yake mbaya, angeweza angelitema hapa hapa kwenye zulia, na dada yuko juani pale getini, ameshika mfuko wenye ndala, najua viatu vitakubana, alisema, utabadilisha ukitoka, na kwa mbali hatauona uso wake, itabidi amsogelee, aushike mkono, haya mdogo wangu, imekuwaje, na akiushika ataupapasa kwa kidole kile kile anachokagulia mishono, na kidole kile hakijawahi kukosea... meneja anauondoa mkono wake wa juu, analegeza na wa chini, hongera tena, anasema, chembe bado ipo, jasho bado lipo, kinyaa kimempanda mpaka kwenye meno, na anashangaa kuona vidole vinavyong'ang'ania sasa ni vyake yeye, vimekaza, havitaki, usiniachie bado bosi, usiniachie.