Samaki Chini ya Kanzu za Kwaya

Seline hakuwa mwizi, na atakayesema alikuwa mwizi aje aseme mbele ya akina mama wa sokoni tuone. Fungu la kumi alitoa bila kukosa, hata zile wiki samaki walipopotea ziwani na watoto wake wakala mboga za sukuma siku tano mfululizo. Alifunga, aliomba, aliwatembelea wagonjwa. Kanzu za kwaya nzima ya kanisa la Mchungaji Griffins alizifua yeye kila Jumatano, wala hakupewa hata kipande cha sabuni. Sasa mtu kama huyo utamwitaje mwizi?

Shida ilianzia langoni. Soko lenyewe liko kando ya barabara ya Busia, ukishapita Otonglo kabla hujafika Kisian, na kila anayeingia na beseni la samaki hulipa ushuru wa shilingi mia moja. Choo cha soko kina kufuli tangu mwaka juzi. Bomba likifunguliwa linatoa hewa. Mvua ikinyesha, mnauza mkiwa mmesimama kwenye tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Seline akajiuliza swali ambalo hata wewe ungejiuliza: hii mia moja huenda wapi? Akiipeleka kanisani, angalau anaona mabati yakipanda.

Jumatano moja asubuhi alitoka kanisani na beseni la kanzu chafu, akapitia ufuoni kuchukua samaki, na wazo likamjia palepale. Akawafunga samaki wake, ngege wabichi, kwenye karatasi ya nailoni, akawalaza chini, akatandaza kanzu juu yao, akajitwika beseni na kuelekea sokoni akiimba pambio. Mtoza ushuru langoni alikuwa Oduor, baba wa watoto watatu, ambaye kila Jumapili hukaa benchi la tatu katika kanisa hilohilo. Alimsalimia, "Bwana asifiwe, Mama," akampisha. Seline akaitikia amina, akapita.

Jumatano iliyofuata akarudia, na ile iliyofuata pia, mpaka zikatimia Jumatano nane. Na sikiliza, hizo mia hakuzila. Zote alizitia kwenye bahasha ya sadaka. Hapo ndipo alipojidanganya vizuri kabisa, maana aliamini kwamba kama Mungu hataki, Oduor angeinua kanzu moja tu na mambo yangekwisha.

Basi Jumapili ya ushuhuda ikafika. Watu wa huku wana desturi hiyo: Mungu akikutendea jambo, husimami tu rohoni, unasimama na miguu na kushika kipaza sauti. Seline akakishika. Akasimulia beseni, kanzu na samaki, akasema Nyasaye, Mungu wake, si wa mchezo, amewapofusha watoza ushuru mara nane, na kila mia iliyookoka imeingia nyumbani mwa Bwana. Kanisa likalipuka. Nusu ya waumini walikuwa wafanyabiashara wa soko lilelile, na amina zao zilitoka tumboni. Wanakwaya peke yao ndio walioonekana wakinusa mikono ya kanzu zao.

Mchungaji Griffins, maskini, siku hiyo alikuwa ameandaa mahubiri juu ya kumpa Kaisari kilicho chake. Alipanda mimbarini, akafungua daftari, akatazama waumini, akakohoa, kisha akahubiri juu ya kuta za Yeriko. Oduor hakupiga makofi. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini ibada za siku hizi hurushwa mtandaoni, na kufikia Jumatatu saa sita ushuhuda ule ulikuwa umeingia kwenye simu ya Madam Rehma, msimamizi wa Oduor, mama wa Kiislamu wa mjini ambaye hakuwahi kucheka na kazi. Alimwita Oduor, akamwambia amlete yule mama kesho yake saa tatu. Kama Oduor alidanganywa, ataonywa na mama atalipa faini. Kama alimwona akanyamaza, hana kazi.

Jioni hiyo Oduor akaja kwa Seline. Alikataa kiti, alikataa chai. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mkononi.

"Mama, nilikuona," akasema. "Siku zote nane. Ngege hafichiki, ana harufu yake."

Seline aliketi mwenyewe. Alimuuliza kwa nini basi hakusema. Oduor akaeleza kwamba siku ya kwanza aliona haya kupekua kanzu za kwaya mbele ya watu, akadhani pengine mama ana shida nyumbani. Siku ya pili aliona haya kwa sababu ya siku ya kwanza. Kufikia ya tatu alishakuwa mshirika wake, na hakujua atokee wapi. Akamweleza alichosema Madam Rehma, na alichoomba sasa ni kitu kidogo tu: kesho Seline aseme vilevile alivyosema kanisani, neno kwa neno.

Seline akapiga hesabu. Jumapili maneno yale yalikuwa kweli, maana aliyaamini. Kesho maneno yaleyale, kutoka kinywa kilekile, yatakuwa uongo. Na akisema kweli, watoto watatu watalala njaa kwa sababu yake. Alijitupia leso mabegani, akaenda mbio kwa mchungaji.

Mchungaji alimsikiliza vizuri. Akamwambia kulipa ushuru ni agizo, kusema uongo ni dhambi, na kumtupa ndugu pia ni dhambi. Seline akauliza ipi inatangulia. Mchungaji akamkumbusha kwamba Bwana mwenyewe alilipa kodi kwa sarafu iliyotoka kinywani mwa samaki, tena bila kubishana. Seline akajibu kwamba yeye anapasua samaki mwaka wa kumi na tisa sasa na hajakuta hata ndururu. Baada ya hapo mchungaji akasema tuombe. Waliomba sana, na Seline akarudi nyumbani na swali lake kama alivyokuja nalo.

Saa tatu asubuhi walikuwa ofisini. Madam Rehma aliweka simu mezani, akawachezea ushuhuda wote mpaka mwisho, pamoja na amina.

"Mimi dini yenu siijui sana," akasema. "Nataka kuelewa tu. Mungu ndiye aliyempofusha mfanyakazi wangu?"

Seline alimtazama Oduor. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na kola yake imelowa jasho. Moyo ukamuuma kweli.

"Ndiyo, Madam," akasema. "Hakuniona. Nilimdanganya, naye hakuniona hata mara moja."

Madam Rehma akachukua kalamu, akaanza kuandika onyo. Seline akapumua. Ndipo Oduor akavua jaketi yake ya kazi, ile ya kung'aa, akaikunja, akaiweka mezani juu ya karatasi.

"Nilimwona," akasema. "Mama anadanganya kwa ajili yangu. Nilimwona kila siku."

Madam Rehma aliiweka kalamu chini. Usoni hakuonekana kama mtu aliyefurahi. Akamwambia Oduor aache pia mashine ya risiti ya langoni. Seline akaandikiwa faini, akailipa kwa simu palepale, risiti ikatoka.

Nje, Seline alimkamata Oduor mkono kwa hasira. Alimuuliza ni wazimu gani huo, yeye amejichafua roho ili amwokoe, naye wokovu wenyewe ameutupa mezani.

"Jumapili ulisema ni Mungu, nikanyamaza," Oduor akasema. "Leo ukasema tena, tena ukijua si kweli. Nimeshindwa, Mama." Akashika njia ya Kombewa, kwa wazazi wake, kwa miguu.

Jumatano Seline alifika sokoni na samaki wake wazi kwenye beseni, bila kanzu hata moja. Langoni hapakuwa na mtu, kwa kuwa mtoza ushuru mwingine hakuwa amepatikana bado. Wanawake walikuwa wanapita na mabeseni yao wakicheka, Nasike, muuza dagaa wa omena, akimpigia kelele kwamba Mungu ni mwema, ingia upesi kabla hawajaleta mtu. Jua likapanda. Wateja wakaanza kuingia, na samaki wa Seline wakaanza kulegea. Yeye alikuwa bado amesimama pale langoni, noti ya mia mkononi, hajui ampe nani.