Mashine ya Chumba cha Mwisho

Mubanga alipanda mzani na kandambili za mumewe, kwa kuwa tangu Jumapili miguu yake ilikuwa imekataa viatu vyake vyote. Mshale ukapita pale ulipotakiwa kukoma, ukaenda zake. Kilo sita za maji.

"Umekunywa mto mzima, wewe," alisema Sista Chitalu, muuguzi wa zamu.

"Kikombe kimoja kwa siku, sista. Asubuhi nusu, jioni nusu."

"Kikombe cha nani, cha tembo?"

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikamkata Mubanga pumzi, akashika ukuta. Wala hakusema uongo. Kikombe chenyewe kilikuwa cha mtoto wake wa mwisho, na munkoyo, kile kinywaji cha mahindi alichokipenda tangu utotoni, hakuionja mwaka wa pili sasa. Figo zake zilikuwa zimekufa. Kazi ya figo hizo ilitakiwa kufanywa na mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki. Lakini kati ya mashine sita za ukumbini nne zilikuwa zimeharibika na kusukumwa ukutani, na watu ishirini na wanane waligombania mbili zilizobaki. Kila mtu alipata siku moja kwa wiki, akiwa na bahati.

"Zamu yako Ijumaa," Chitalu alisema. "Leo Jumanne, Mubanga."

"Nikilala chali nazama, sista. Nalala nimekaa, nimeegemea kabati."

Mubanga akatazama mwisho wa korido, kwenye chumba chenye alama nyekundu mlangoni. Mle ndani mlikuwa na mashine moja nzima, imefunikwa shuka. Ilikuwa ya wenye homa ya ini, ile ya B, na aliyekuwa nayo ni mmoja tu, Mzee Sinyangwe, mchimba shaba mstaafu. Akishamaliza asubuhi yake mara tatu kwa wiki, mashine hulala.

"Na ile?"

"Ile si yako, na ushukuru. Kirusi kile kinakaa wiki nzima kwenye kitasa, hakifi. Chanjo ulichomwa ngapi?"

"Moja. Mkasema zimeisha."

"Basi. Usiitazame."

Chitalu alisema kweli tupu, na ndiyo iliyomuuma Mubanga. Angekuwa anadanganywa, angegombana.

Kwa kuwa hakuwa na wa kugombana naye, akaenda kwa mkurugenzi wa hospitali. Njiani alipita makasha manane ya mashine mpya, yamepangwa ukutani tangu Februari na nailoni zake.

"Mama, mali ya serikali haiwashwi kienyeji," mkurugenzi alimwambia kwa upole. "Sharti izinduliwe. Mheshimiwa waziri alikuwa aje Aprili, akapata safari. Sisi hapa tumepaka rangi mara mbili." Aliyasema hayo kwa uchungu, kama aliyekosewa ni yeye.

"Mimi sitafika huko, bwana mkubwa."

"Usiseme hivyo. Tena siku hiyo tunataka mgonjwa wa kutoa neno la shukrani. Wewe ni mwalimu, unajua kusema mbele za watu. Nikuandike?"

Mubanga alianza kukataa, pumzi haikutosha. Akaandikwa.

Jumatano asubuhi alimkuta Mzee Sinyangwe kwenye benchi la korido, bandeji mkononi. Juzijuzi tu walikuwa wametangaziwa kwamba kesho yake, Alhamisi, wote watapimwa damu kuangalia homa ya ini. Kwa kuwa mbeba sampuli alistaafu na nafasi yake haikujazwa, kila mgonjwa aliipeleka chupa yake maabara mwenyewe.

"Mzee, naomba damu yako," Mubanga alisema.

"Wenzako huniomba tumbaku."

"Kidogo tu, uniwekee kwenye chupa yangu kabla haijaganda. Wakinikuta na B watanitia chumbani kwako."

Mzee akaacha kutabasamu. "Mwanangu, unajua unaomba nini? Nyumbani kwangu sahani yangu ina alama. Nshima naletewa peke yangu. Wajukuu wakinisogelea wanaitwa. Unataka hayo?"

"Nataka kulala, mzee. Nilale kama watu."

Alikataa. Akakataa tena. Siku ya pili, alipomwona anapanda ngazi tatu za maabara na kupumzika kwenye kila ngazi, akamwita nyuma ya tangi la maji. Mubanga akaimwaga damu yake kwenye karo, na mzee akamgawia nusu ya yake. Walifanya kwa haraka, na tone moja likamwangukia Mubanga kwenye kidole alichojikata akimenya viazi. Akalifuta kwenye chitenge.

Wiki iliyofuata Chitalu alifunga mlango ili ampe majibu. Macho yalimjaa machozi. Mubanga akajifunika uso kwa viganja viwili, na muuguzi akamkumbatia akidhani analia. Maskini, alikuwa anaficha furaha.

Akaanza mara tatu kwa wiki. Mzee asubuhi, yeye akimfuatia palepale. Siku kumi hazikwisha akalala chali, akapanda ngazi, akarudi kufundisha darasa la nne. Nyumbani mumewe alimtengea sahani bila kuambiwa mara mbili, na kitanda pia. Mubanga alikuwa amejiandaa kwa hilo, lakini lilimuuma kuliko alivyojiandaa.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakulifikiria kabisa. Glavu zilikuwa chache, dawa ya kuoshea mashine ilikuwa chache, na vyote vilitunzwa kwa ajili ya watu wa ukumbini. Chitalu alikuwa akimchomoa mzee sindano, kisha kwa glavu zilezile anamchoma Mubanga.

"Nyie wa nyumba moja," alikuwa akisema. "Mtaambukizana nini tena?"

Mubanga aliziangalia zile glavu zikimjia, akatoa mkono. Angeanzia wapi kumwambia abadilishe?

Miezi mitatu ikapita hivyo. Mashine mpya zilikuwa bado kwenye makasha. Siku moja darasani msichana wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, mbona macho yako ya njano?" Mubanga aliweka chaki chini. Jioni ile alikwenda kwa Chitalu, akamweleza yote, tangu benchi mpaka karo.

Chitalu alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Miezi mitatu," alisema. "Nikuchome mimi, kwa mikono yangu hii, na wewe unanitazama tu."

"Nisamehe, sista."

"Lete mkono."

Safari hii Chitalu aliipeleka damu maabara mwenyewe, akasimama pale mpaka ikapimwa. Mubanga akabaki chumbani na ile mashine, anataka kuomba Mungu, hajui aombe nini. Ikitoka safi, anarudi ukumbini, siku moja kwa wiki, na kabati la kuegemea. Ikitoka chafu, ni chafu kweli. Hakuomba chochote.

Chitalu alirudi na karatasi mkononi. Hakufunga mlango.

"Sasa ni kweli," alisema. "Kwenye lile tone, kwenye mashine, kwenye glavu zangu, sijui. Hakuna atakayejua. Ni kweli tu."

"Kwa hiyo siku zangu zinabaki?"

Muuguzi alimtazama kana kwamba hakumsikia.

"Sista. Siku zangu tatu. Zinabaki?"

"Zinabaki, Mubanga."

"Asante." Akapanda kitandani, akakunja mkono wa gauni, na machozi yakamtoka mpaka masikioni. Chitalu alianza kumfunga mirija, na yeye pia alikuwa analia.

Nje, kwenye benchi la korido, Mzee Sinyangwe alikuwa akisema na mtu kwa sauti ya chini. "Hapana, mwanangu. Hapana. Rudi ukumbini ukakae." Kisha yule mtu akaanza kumbembeleza, sauti ya mwanamke kijana, akisema maneno mawili na kupumzika, maneno mawili na kupumzika.