Mtupaji wa Kwanza

Kicheko ndicho kilichotangulia. Kilitoka nyuma ya turubai la bluu, kikapita juu ya ngurumo za karasha la kuponda mawe na honi za bodaboda, kikamkuta Bujiku akiwa bado njiani, hajaona kibanda wala uso wa mtu. Alikitambua. Paskalia alikuwa na vicheko viwili: kimoja kifupi, cha kuwapa wateja wa chai pamoja na chenji yao, na kingine kirefu chenye kuvuta pumzi katikati, ambacho Bujiku alikuwa amekitafuta tangu masika bila kukipata. Hiki kilikuwa kile kirefu.

Alipozunguka turubai alimwona aliyekipata. Nasibu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kati ya meza za chai, goti limegusa kifua, chapati iliyofinyangwa mkononi, akiigiza jinsi Wajapani wanavyorusha mpira wa besiboli.

"Mwangaluka, kaka Bujiku!" aliita, kwa Kisukuma cha kuokoteza cha mtu aliyetoka Kigoma juzi.

"Salama," alijibu Bujiku kwa Kiswahili, ili kumnyima hata hicho kidogo.

"Mwambie mwenzako ashushe mguu," alisema Paskalia, akijifuta machozi ya kucheka. "Atanivunjia chupa zangu za chai."

"Mtu mzima hujui kula chapati?" alisema Bujiku. Alikusudia uwe utani. Ulitoka kama jiwe, na Paskalia akaacha kucheka.

Wote wawili walichimba katika duara la Mama Blessing, shimo refu lililokuwa nje kidogo ya mji wa Katoro. Kwa mama huyo kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyethubutu kuichezea. Kila walipofungua njia mpya chini ya ardhi, mtu mmoja alishuka kabla ya wenzake na kuupiga mwamba pigo la kwanza. Nyota ya mtu huyo, waliamini, ndiyo iliyoamua kama mwamba utatoa dhahabu au utawatolea macho tu. Mfuko wa kwanza wa mawe ulikuwa wake. Lakini kilichomlevya Bujiku hakikuwa mfuko. Ilikuwa ile njia aliyofunguliwa na watu waliopanga mstari, kimya kilichomsindikiza, na macho ya Paskalia akiwa ameleta chai ya wachimbaji, yakimtazama mpaka giza la shimo limfunike. Tangu duara lilipoanza, aliyepiga alikuwa yeye.

Kisha akaja Nasibu, na nusu ya wachimbaji wakaanza kunong'ona kwamba nyota imehama. Sababu ilikuwa besiboli. Ligi za mpira wa miguu za Ulaya zilipofungwa, wabetiji wa Katoro walibaki kama watoto walionyang'anywa matiti, mpaka Nasibu alipowaonyesha mechi za Japani, zinazochezwa usiku wao, ambao Katoro ni saa sita, jua likiwa utosini.

"Msiangalie timu," aliwafundisha. "Mwangalieni anayetupa mpira wa kwanza. Jina lake hutangazwa kabla. Huyo ndiye anayeufungua mwamba. Wengine wanakuja kusomba mawe."

Wachimbaji walimwelewa papo hapo, kana kwamba mchezo huo ulibuniwa duarani kwao. Kwamba mtupaji huyo huchoka, akapumzishwa na wengine wakamalizia, walilijua, ila hawakulipa uzito. Mechi inafuata aliyeifungua, basi. Na mikeka ya Nasibu, zile karatasi zake za kubeti, ilikuwa ikishinda.

Mama Blessing alichoshwa na minong'ono. Keshokutwa njia mpya ingefunguliwa, na watu waliogawanyika hawachimbi. "Kila mmoja achague mtupaji wake katika mechi moja," aliamua. "Atakayeshinda ndiye atakayeshuka kwanza. Ila mmoja wa watupaji hao asipotokea, hakuna shindano. Bujiku atafungua kama kawaida."

Majina ya Kijapani yaliwashinda, wakayapa yao. Nasibu alimchukua Mashoto, mrefu wa timu ya kofia nyeupe, aliyetupa kwa mkono wa kushoto. Bujiku akamchukua mpinzani wake wa kofia nyekundu, mnene mwenye shingo kama ya fahali, wakamwita Kibonge.

Hayo yalikuwa ya jana. Leo asubuhi, kabla ya kicheko kile, Bujiku alikuwa wa kwanza kufika kwa Ignas, mwenye kibanda cha kubetia, na Ignas alikuwa amemgeuzia kioo cha kompyuta.

"Jina limebadilika. Mashoto kaumia kiwiko. Wameweka mwingine, mgeni mtupu."

Bujiku alilitazama jina lile geni kwa muda. Neno moja tu kwa Mama Blessing, shindano lingekufa na pigo lingebaki kuwa lake. Lakini lingebaki kimyakimya, bila mtu kushindwa. Nasibu angeendelea kutamba kwamba Mashoto angeshinda, na kicheko kirefu huenda kingeishia kwake. Hakutaka tu kushika chake. Alitaka Nasibu aanguke, aanguke mchana, Paskalia akiona.

"Usimwambie mtu," alisema.

Ignas alimwangalia juu ya miwani. "Mimi nauza mikeka, ndugu yangu. Siuzi maneno."

Saa sita ilipofika, kibanda cha Ignas kilijaa mpaka nje. Mama Blessing alipewa kiti. Vijana walimwamkia shikamoo mmoja mmoja, naye akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye televisheni. Paskalia aliacha jiko lake, akaja kusimama mlangoni. Alisimama upande wa Nasibu. Bujiku alijiambia kwamba upande wa pili ulikuwa na jua. Kisha akaona kwamba halikuwapo jua upande wowote. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa sato, kumeza haumezeki, kutema hautemeki.

Wenye kofia nyeupe waliingia uwanjani. Kijana mwembamba alipanda kwenye kile kichuguu cha katikati, akanyanyua goti, akatupa.

"Mbona huyu anatumia kulia?" mtu aliuliza.

"Siye Mashoto huyo!"

"Nasibu, umeletewa mtoto wa jirani!"

Kibanda kikalipuka kwa kelele. Mama Blessing akainua mkono. "Mtupaji hakutokea. Nilishasema, hakuna shindano."

Nasibu alikuwa amemkodolea macho yule kijana. Alikuna kidevu, akacheka. "Mama, nampokea huyuhuyu. Kasimama mahali pa mtu aliyeumia, si dhambi yake. Kama kaka Bujiku hana neno."

Nyuso zote zikamgeukia Bujiku, na wa Paskalia miongoni mwao. Mlango wa kuliua shindano ulikuwa wazi mara ya pili. Alichotakiwa ni kutikisa kichwa tu. Lakini aliuona ule uso ukimngoja, ukipima nani kati yao ni mwoga, na damu ikampanda.

"Sina neno," alisema. "Acha apigwe."

Na mwanzoni kijana alipigwa kweli. Wekundu walipata alama moja, kisha nyingine, upande wa Bujiku ukagonga mabati. Kila yule kijana alipokosea, Nasibu alimpigia makofi taratibu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Kijana akatulia. Kibonge, kwa upande wake, akaanza kuvuja jasho. Akajifuta paji, akachelewa kutupa, akatupa, na gongo la mpigaji wa kofia nyeupe likaupata mpira katikati. Ulipaa juu ya taa za uwanja, mweupe, bila haraka, huku wenye kofia nyeupe waliokuwa wamesimama vituoni wakirudi kituo cha nyumbani mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na alama yake. Kibonge alitolewa, taulo shingoni. Bujiku alimtazama akishuka ngazi mpaka kamera ilipomwacha, akatamani na yeye aachwe hivyo.

Mechi ilipokwisha kwa ushindi wa weupe, wachimbaji walimbeba Nasibu juujuu. Mama Blessing alisema nyota imesema. Paskalia alipita mbele ya Bujiku, akasimama kidogo, akamwambia, "Pole, Bujiku," kwa sauti ya upole ambayo ilimuuma kuliko kama angemcheka.

Asubuhi iliyofuata watu walipanga mstari, na aliyepita katikati yao hakuwa yeye. Paskalia alikuwapo na chai yake. Macho yake yalifanya alichokijua Bujiku. Yalifuata mgongo wa mtu mpaka kwenye mdomo wa shimo. Nasibu alijifunga kamba kiunoni, nyundo na tindo begani, kisha akageuka.

"Nani atashika kamba?" Mama Blessing aliuliza. Mikono kadhaa ilinyanyuka.

"Bujiku," alisema Nasibu.

Alimsogelea, akampa ncha ya kamba, akasema kwa sauti ya chini ambayo haikuwapita wao wawili. "Jana nilimuuliza Ignas jina lilibadilika lini. Hakunijibu. Alikutazama wewe."

Bujiku aliitazama kamba mkononi mwake. "Kwa nini mimi, basi?"

"Hawa wote wananichekea, sijui mmoja wao ana nini moyoni. Wewe ulichonacho nimeshakiona." Nasibu alitabasamu, lakini midomo ilimcheza, na Bujiku akaona kwamba mtu yule alikuwa anaogopa, kama alivyokuwa akiogopa yeye kila mara macho yale yalipomsindikiza. "Niambie tu kwamba utaishika, wakusikie."

Paskalia alikuwa anatazama, na bado hakuwa anamtazama Bujiku. Wivu haukuwa umeondoka. Ulikuwa palepale, mwiba uleule. Aliizungusha kamba mkononi, mara moja, kisha tena, mpaka ikambana, damu isipite vidoleni.

"Shuka," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na mstari mzima. "Kamba ninayo mimi, na sitaiachia mpaka ukanyage tena hapa juu."