Gari Linaloumwa Jioni

Mume wangu ni fundi wa magari, na hata mimi namwita Fundi. Tangu aende ng'ambo kufanya kazi kwenye gereji kubwa, simu zake zilikuwa fupi kuliko salamu za njiani. "Mko salama? Mama hajambo? Haya, tutaongea." Tutaongea lini? Mwanamume yule maneno huyatoa kwa kijiko, na huko aliko nadhani kijiko chenyewe kilipotea.

Kisha gari likaugua.

Ni gari letu kuukuu, lakini si la kabureta kama magari ya zamani. Lina nozeli zake na sensa zake, na maringo yake pia. Jioni moja nililiwasha uani likaanza vituko. Ngurumo inapanda kama mtu anakanyaga mafuta, inashuka mpaka linataka kuzima, inapanda tena, na mguu wangu hauko hata karibu na pedali. Fundi alipopiga, nikamwambia sailensi, ile ngurumo ya gari likiwa limesimama, haitulii.

"Fungua boneti," akasema. "Sogeza simu kwenye injini nisikilize."

Tuliongea mpaka giza likaanza kuingia. Nilifungua bomba la hewa, nikasugua koo lake kwa kitambaa na petroli mpaka masizi yakahamia kwenye kucha zangu. Katikati ya spana na skrubu, maneno mengine yakawa yanamponyoka: kwamba chumba chake kina baridi, kwamba mwenzake wa chumbani anakoroma kama lori linalopanda mlima, kwamba niangalie nisiungue mikono. Gari halikupona. Akasema atapiga kesho tuangalie kivalvu cha hewa. Nikaingia ndani nikinuka petroli, harufu ya mashati yake, nikalala na furaha ya kipumbavu.

Asubuhi yake niliuona ugonjwa mwenyewe. Kulikuwa na mluzi mwembamba nyuma ya injini, nikaufuata kwa sikio mpaka kwenye mpira mdogo uliochomekwa pale injini inapovutia hewa. Ncha yake ilikuwa imepasuka, na injini ilikuwa ikivuta hewa ya wizi. Nikaibana ile ncha kwa vidole, gari likatulia tuli. Nikaikata kwa kisu cha jikoni, nikauchomeka mpira upya, kazi kwisha.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilisimama nikiitazama injini imetulia, nikaona jioni yangu ndiyo hiyo imekwenda na maji. Atapiga, nitasema limepona, atasema haya. Nina hamu na mume wangu, nalisema bila kuona soni. Nina hamu na sauti yake hata ikisema habari za skrubu. Jua lilipoanza kushuka nikatoka uani, nikauchomoa mpira.

Tangu siku hiyo nikawa nachomeka asubuhi, nachomoa jioni. Asubuhi nampeleka mama mkwe sokoni, gari linakwenda kama jipya. Jioni linahema na kushtuka, na Fundi ananielekeza. Tukafungua kivalvu tukakisafisha. Tukakagua nyaya za sensa mmoja mmoja. Kila jioni akawa anakaa kwenye simu zaidi ya jana. Siku moja akaniuliza nimevaa nini, nikamwambia ovaroli lake.

"Limekutosha?"

"Limenimeza."

Mara akauliza kama spana namba kumi naiona.

Siku za mwizi ni arobaini, na zangu zilikatizwa na mama mkwe. Alitoka kuanua nguo kwenye kamba, simu iko juu ya betri, sauti nimeifungua yote.

"Mwanangu, bado tu mnahangaika na hilo gari? Ugonjwa gani huu wa jioni jioni? Si asubuhi tumekwenda nalo sokoni, lina afya kunishinda mimi?" Akakumbatia nguo zake, akaingia ndani.

Masikio yaliniwaka moto kwa aibu. Gari nalo likaendelea kupanda na kushuka kana kwamba halikusikia kitu. Nikauchomeka mpira kwa hasira, injini ikatulia, naye Fundi akaisikia ikitulia.

"Haya, ndiyo hivyo," nikasema. "Ni mpira. Niliuona zamani. Sasa likiwa zima, utanipigia kwa lipi?"

Nikajiandaa kusikia ile haya yake.

"Ule mluzi," akasema polepole, "niliusikia jioni ya kwanza."

"Uliusikia?"

"Mke wangu, mimi ni fundi."

"Ukanifungulisha kivalvu! Ukanisuguisha masizi hadi kucha zimekuwa mkaa!"

"Ningesema mpira, ungeubana, tungeagana." "Huku sina wa kuongea naye. Nikikupigia sijui nianzie wapi. Kwenye gari najua pa kuanzia."

Nikaegemea gari. Nilitaka kumtukana, na nilitaka kumshika uso kwa mikono yangu yote miwili. Kumtukana, nilimtukana. Uso ulikuwa mbali.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama ameshaingia ndani?" akauliza.

"Ameingia."

"Basi uchomoe. Plagi bado hatujaziangalia."