Shujaa Aliyebaki Nyumbani

Mgongo ulimkamata Sajenti Okot, polisi wa barabarani, akiwa katikati ya barabara pale Nakivubo, mkono mmoja juu, akisimamisha magari. Alipotaka kugeuka akashindwa. Dereva wa lori alishuka, akamshika kiunoni kama anayebeba gunia, akamketisha kando kwenye kreti la soda. Daktari alimwandikia mapumziko ya wiki mbili na kumwambia alale mahali pagumu.

Kwa hiyo mkewe, Zuleika, alimtandikia mkeka na blanketi mbili kwenye sakafu ya sebule, nyumbani kwao Makindye. Zuleika alikuwa Mwislamu, Mnubi wa Bombo, yeye Okot Mkristo wa Gulu, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha tangu siku walipokutana kwenye kambi ya polisi, kikawa lugha ya nyumba. Asubuhi alipokwenda sokoni kuuza mitandio, alimwachia chai kwenye chupa na kumwonyesha kwa kidevu upande wa meza.

"Mtakaa wawili," alisema. "Angalau mtajuana."

Mezani alikaa Oyet, mtoto wao wa mwisho, askari wa miaka ishirini na saba. Alikuwa amerudi kutoka Somalia miezi minne kabla, na tangu hapo alikuwa akingojea kupangiwa kikosi kingine. Alingojea mbele ya kompyuta. Aliamka, akanawa uso, akakaa. Jioni mama yake alimwondoa pale ili meza iandaliwe chakula. Okot alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi miguu imevimba, hivyo hakuwahi kuona siku nzima ya mwanawe inavyopita. Sasa aliiona, akiwa chini, akitazama miguu ya kiti.

Siku mbili walikaa hivyo bila neno zaidi ya "Chai ipo?" na "Ipo." Siku ya tatu Okot alichoka kuhesabu misumari ya darini. Akajivuta, akaegemea ukuta, akatazama kioo cha kompyuta.

"Huyo anayewaka moto ni nani?"

Oyet aligeuka kana kwamba ukuta ndio uliosema. "Ni shujaa, Baba. Wote hawa ni mashujaa."

"Mbona amesimama tu? Adui yuko mbele yake."

"Anangojea zamu. Hapa hakuna kukurupuka. Sisi tunacheza zamu yetu, tukimaliza wao wanacheza yao. Kila zamu unapewa kadi, kila kadi ni kazi moja. Hii anapiga, hii anamsukuma adui, hii anamganga mwenzake. Zamu moja unacheza kadi tatu tu."

Okot alifikiri kidogo. "Kama mimi barabarani. Huwezi kuruhusu pande zote."

"Kama wewe barabarani, Afande," alisema Oyet. Ilikuwa mara ya kwanza kumtania tangu arudi.

Kuanzia hapo Okot akawa na kiti chake mezani, mto nyuma ya mgongo. Alikuwa mzito kujifunza, lakini hakuwa na haraka, na gemu lile halikuwa na haraka pia. Kilichomshangaza si mapigano. Baada ya kila pambano mashujaa walirudi kwenye nyumba moja kubwa, na hapo mchezaji alipaswa kuchagua nani akae na nani. Mmoja anapenda kuvua samaki, mwingine anapenda vitabu, mwingine hataki kuulizwa habari za mama yake. Ukikaa naye vizuri urafiki unapanda, na marafiki wawili wakishapendana wanapewa kadi ya pamoja, yenye nguvu kuliko kadi zao zote.

"Kwa hiyo mtu anayepigana vizuri ni yule aliyekaa vizuri nyumbani," alisema Okot.

"Ndivyo walivyoitunga."

Miongoni mwao kulikuwa na jitu moja lenye mabega mapana, lililobeba mlango wa chuma badala ya ngao. Oyet alimwita Mlango tu. Kila jioni ya mle ndani ya gemu Oyet alikwenda kukaa na Mlango: walikula pamoja, walitengeneza pikipiki, Mlango alisema maneno ya kuchekesha kwa Kiingereza, naye Oyet akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Urafiki wake ulikuwa umejaa hadi juu. Lakini pambano likija, Oyet alichukua wengine.

"Huyu mbona haendi?" aliuliza Okot siku ya Alhamisi.

"Hafai kwa hili."

Pambano lililofuata lilikuwa gumu, wakashindwa mara mbili. Adhuhuri gesi ikaisha, na Oyet akatoka kwenda kubadilisha mtungi. Mlangoni alisema, "Endelea, Baba. Jaribu tena, umeshajua."

Okot alijaribu tena. Alitazama orodha ya mashujaa, akaona jitu lile lenye nguvu kuliko wote limekaa nyumbani bila kazi. Akalichagua. Kwa zamu mbili mambo yalikwenda vizuri sana. Mlango alisimama mbele ya wenzake na mapigo yote yakamwangukia yeye. Okot alijisikia fahari ya ajabu. Zamu ya tatu maadui wakaja watano, na Mlango akaanguka kifudifudi, na ule mlango wake wa chuma ukamfunika.

Oyet aliingia na mtungi begani. Alitazama kioo.

"Nani amekuambia umtoe?"

"Si ulisema niendelee? Tulikuwa tunashindwa, nikaona..."

"Nani amekuambia umtoe yeye!"

Mtungi ulishuka sakafuni kwa kishindo, sahani zikalia kabatini. Oyet alifunga kompyuta, akatoka, hata viatu hakuvifunga kamba. Okot alitaka kumfuata. Mgongo ukamrudisha kitini. Alipiga simu. Ililia pale pale mezani.

Zuleika aliporudi alisikiliza habari yote huku amesimama na furushi lake kichwani. Kisha akaliweka chini taratibu.

"Atarudi," alisema. "Akirudi usimuulize kama polisi."

Alirudi jua linakaribia kuzama, soksi zimejaa vumbi jeusi. Alikuwa ametembea hadi Katwe, kwa wachomeleaji wa vyuma, kwa sababu kule kelele ni nyingi na hakuna anayekusemesha. Alikaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani. Zuleika aliwaletea chakula, akarudi jikoni, akaacha mlango wazi.

"Kwenye gemu hafi mtu," alisema Oyet. "Anazimia tu, kesho yake anaamka. Najua. Sina wazimu."

"Sijasema una wazimu."

"Kule Somalia tulikuwa tukicheza wawili, mimi na Odyek. Kitanda chake juu, changu chini. Mlango alikuwa wake. Aliiga hata sauti yake, akitoka kuoga anapiga kelele kama yeye." Akamega tonge, hakulila. "Chaja yangu iliungua. Siku ile msafara ulikuwa unakwenda mjini, naye alikuwa na ruhusa ya kupumzika. Nikamwambia, nenda nao, uniletee chaja. Gari lao likakanyaga bomu."

Jikoni maji yalikuwa yakichemka. Zuleika hakuyaipua.

Okot alikuwa amechoka mwili mzima, si uchovu wa wiki ile, uchovu wa miaka.

"Ameacha mke?"

"Ndiyo, anaitwa Ayaa. Anakaa hapa hapa Makindye, chini kule. Sijakwenda."

"Kesho tutakwenda."

"Na mgongo wako?"

"Tutatembea polepole."

"Nitamwambia nini, Baba?"

"Sijui. Katika kazi hii nimepeleka habari mbaya kwenye nyumba za watu, na hakuna nyumba hata moja ambayo nilijua la kusema. Unakwenda tu. Unasimama mlangoni, wakuone."

Asubuhi waliteremka. Okot alisimama mara tatu njiani, mkono juu ya bega la mwanawe. Walimkuta Ayaa kibarazani akimsuka mteja, vitana viwili vimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. Alikuwa mwembamba, macho mekundu ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimtazama Oyet kwa muda mrefu kabla ya kujibu salamu.

"Wewe ndiye Oyet. Nakujua kwa picha."

"Ndiyo, shemeji."

"Miezi minne."

"Ndiyo, shemeji."

"Kaeni. Siwezi kumwacha huyu na nusu kichwa."

Walikaa kwenye benchi hadi nywele zikaisha na mteja akaondoka. Ndipo Oyet akasema yote, macho chini, haraka, kama anayesoma hati ya mashtaka yake mwenyewe. Ayaa alikuwa akikusanya nywele bandia zilizobaki. Hakuacha kukusanya.

"Alinipigia simu kabla ya kupanda gari," alisema mwishowe. "Aliniambia amechoka kukaa ndani ya ule uzio, anakwenda mjini, na wewe umempa sababu. Alifurahi." Akafunga mfuko wa nywele kwa fundo. "Kwa hilo sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu ni kwamba waliniletea sanduku, bendera na karatasi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia alikuwa akicheka nini huko. Wewe ulilala chini yake mwaka mzima, na ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Mimi pia naogopa. Lakini nasuka."

Oyet alifuta uso kwa kiganja. Kisha, kwa kusitasita, akaanza kueleza jinsi Odyek alivyomfundisha mpishi wa kikosi kupika malakwang, ile mboga chachu ya nyumbani, kwa majani yasiyo yenyewe, na watu wote wakakimbilia chooni. Ayaa hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa karibu.

"Nani aliyekuwa wa kwanza kukimbia?" aliuliza.

"Kamanda."

Hapo alicheka, kidogo, kwa pua, na machozi yakamtoka palepale. Alimwambia Oyet arudi Jumapili baada ya misa, kwani wazazi wa Odyek watakuwepo nao wangependa kusikia. Oyet alisema atakuja. Hakusema kwa nguvu, lakini alisema.

Kurudi kulikuwa kupanda. Katikati ya kilima Okot alishindwa, wakakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Pikipiki zilipita, mwenye kuuza maembe akapita, wao wamekaa.

"Nimechoka, Baba," alisema Oyet.

"Najua."

"Jumapili utakuja nami?"

"Nitakuja. Nipe mkono kwanza, niinuke."